Batumbula na Magofu ya Shinkolobwe

Kilomita 20 hivi magharibi ya mji wa Likasi, nchini Kongo, kuna mgodi uliokufa wenye sifa ya kutisha: Shinkolobwe. Urani iligunduliwa hapo mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikaichimba. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangamiza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka humo.

Karibu na uhuru wa nchi hiyo mwaka 1960, mgodi ulifungwa, mashimo yakazibwa kwa zege. Baadaye wachimbaji wadogo waliingia. Mwaka 2004 udongo uliporomoka ukaua watu, na kijiji cha wachimbaji hao kikabomolewa.

Hofu katika miji ya shaba ya eneo hilo ilianza kitambo. Zama za ukoloni, Likasi ikiitwa Jadotville, wafanyakazi walisimuliana habari za batumbula, watu waliodaiwa kutumwa na Wazungu kuwateka Waafrika usiku ili waliwe. Pwani ya Afrika Mashariki, visa vya aina hiyo ni vya mumiani. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alivichukua kama ushahidi wa namna watu walivyouelewa ukoloni na kazi zake.

Shinkolobwe yenyewe ina tishio lisilohitaji mzimu: mionzi haionekani wala hainuki, na wachimbaji wa siri waliendelea kuchimba humo hata baada ya uchimbaji kupigwa marufuku.