Ufilipino Jikoni: Nchi ya Siki na Ukwaju

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,600, kusini-mashariki mwa Asia. Kaskazini kuna Luzon, kisiwa chenye mji mkuu, Manila. Katikati ni visiwa vya Visayas. Kusini ni Mindanao. Watu wake wamezidi milioni 100, na lugha wanazozungumza ni zaidi ya 100. Kila pembe ya nchi hiyo ina mapishi yake, lakini kuna ladha moja inayokutana nawe karibu kila unakokaribishwa mezani, nayo ni uchachu. Nchi nyingine hutegemea chumvi, nyingine pilipili, nyingine sukari. Mpishi wa Kifilipino hutafuta kwanza siki, ndimu au tunda bichi.

Mlo wenyewe ni wali. Vyote vinavyouzunguka, viwe samaki, nyama au mboga, huhesabiwa kuwa kitoweo, na huitwa *ulam*. Wali uliolala hautupwi: asubuhi hukaangwa kwa vitunguu saumu, ukaliwa na yai na samaki mkavu. Katika milima ya Cordillera, kaskazini mwa Luzon, Waifugao hulima mpunga kwenye matuta yaliyochongwa ubavuni mwa mlima, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1995.

Pishi linalojulikana zaidi ni adobo. Kuku au nyama ya nguruwe huwekwa chunguni pamoja na siki, saumu zilizopondwa na pilipili manga, ikachemka taratibu mpaka mchuzi ukauke kidogo na mafuta yajitenge. Wazee husisitiza sharti moja: siki isikorogwe kabla haijachemka, la sivyo mchuzi utabaki na ukali mbichi. Pishi hili lilizaliwa na joto la nchi. Kabla ya majokofu, nyama iliyopikwa kwa siki na chumvi ilikaa siku kadhaa bila kuoza. Wahispania, walioanza kutawala mwaka 1565, waliwakuta wenyeji wakipika kwa siki tayari. Sosi ya soya, ambayo leo wengi huiona kuwa sehemu ya adobo, ililetwa na wafanyabiashara wa Kichina. Zipo familia ambazo hadi sasa hupika adobo nyeupe, bila soya kabisa.

Siki nayo ina makwao. Ilocos hutengeneza ya miwa. Paombong, katika jimbo la Bulacan, ni maarufu kwa siki ya utomvu wa mnipa, mti wa jamii ya mitende unaoota penye maji ya chumvichumvi. Visayas na kusini mwa Luzon wanategemea mnazi: mgema hupanda asubuhi na jioni, tembo hunywewa likiwa bichi, na linalobaki huachwa lichache mpaka liwe siki.

Baada ya adobo huja sinigang, mchuzi mwepesi mchachu ambao kaya nyingi huupika mara kwa mara. Ukwaju mbichi huchemshwa hadi ulainike, hupondwa, hukamuliwa na kuchujwa. Ndani yake hutiwa samaki, kamba au nyama, kisha nyanya, kitunguu, figili, bamia, biringanya na majani ya kangkong, mboga inayoota majini. Pasipo na ukwaju hutumika mbirimbi, embe bichi au mapera. Kila tunda lina uchachu wake: wa ukwaju ni mzito, wa mbirimbi ni mkali na safi, wa mapera una harufu tamu. Mpishi hodari huchagua kulingana na samaki aliyempata na msimu uliopo.

Kwa mgonjwa au mama aliyejifungua hupikwa tinola: kuku, tangawizi nyingi, papai bichi na majani ya mlonge. José Rizal, mwandishi aliyeuawa na Wahispania mwaka 1896, aliiweka tinola katika riwaya yake *Noli Me Tángere* ya mwaka 1887. Padri mwenye majivuno anapakuliwa shingo na bawa, huku wengine wakipata minofu. Msomaji wa Kifilipino aliielewa dharau hiyo papo hapo.

Bicol, kusini-mashariki mwa Luzon, ni nchi ya nazi na pilipili. Nazi hukunwa, tui la kwanza huwekwa kando, na tui jepesi ndilo linaloanza kupikia majani makavu ya magimbi. Hapa pia mwiko hauingizwi mapema, kwani inaaminika kwamba majani yakikorogwa kabla ya kunywa tui huwasha koo.

Kusini kabisa wanaishi Watausug, Wamaranao na Wamaguindanao, Waislamu tangu kabla ya Wahispania. Kwao nguruwe hapikwi. Watausug huchoma nazi hadi iwe nyeusi, wakaitwanga na viungo, wakapikia mchuzi wa nyama ya ng'ombe uitwao *tiyula itum*, mweusi kama jina lake. Wamaranao hawakai mezani bila *palapa*, mchanganyiko wa vitunguu vya majani, tangawizi na pilipili.

Jiko la Kifilipino limewahi kuwa na mtaalamu wake shujaa. Maria Orosa, mzaliwa wa jimbo la Batangas, alisomea sayansi ya chakula Marekani, kisha akarudi kuwafundisha wanawake wa vijijini kuhifadhi vyakula vyao. Alibuni kechapu ya ndizi mbivu, na pia tanuri la chungu kwa nyumba zisizo na umeme. Aliuawa Februari 1945 katika vita vya kuikomboa Manila. Anastahili kukumbukwa pamoja na majemadari.

Desemba, kuanzia tarehe 16 hadi 24, Wakatoliki huenda misa ya alfajiri, na nje ya kanisa huuzwa *bibingka*, mkate wa mchele na tui unaookwa juu ya jani la mgomba, makaa chini na makaa juu, kama mkate wetu wa kumimina.

Leo sinigang nyingi mijini huchachushwa kwa unga wa paketi. Mama anayerudi kazini usiku hawezi kulaumiwa kwa hilo. Hata hivyo paketi ina ladha moja mwaka mzima, na kinachopotea ni maarifa ya kuchagua tunda, ambayo ndiyo ufundi wenyewe wa jiko hili.

Wasomaji wengi wana ndugu wanaofanya kazi na Wafilipino katika nyumba na hospitali za Ghuba. Anayetaka kumkaribisha jirani huyo, au kuonja nchi yake, aanze na sinigang ya samaki. Ukwaju, mbirimbi na bamia vipo sokoni Tanga, Mombasa na Unguja. Na asisahau desturi ya mezani: kibakuli cha siki au ndimu yenye pilipili na chumvi kiwekwe kati, kila mlaji akoleze atakavyo. Kwa Wafilipino mpishi haoni hilo kuwa tusi, kwa sababu mlaji ana haki ya kumalizia chakula chake mwenyewe.