Saskatchewan: Nchi ya Ngano Iliyopeperushwa na Upepo

Ndugu Mkulima, labda jina la Saskatchewan hujapata kulisikia. Ni jimbo moja la Kanada, nchi iliyo kaskazini ya Marekani. Wakulima wake wengi walianza kama ulivyoanza wewe: walipewa kipande cha ardhi chenye masharti, na kazi nyingi mbele yao. Habari zao zafaa kusomwa, maana waliukuta udongo mzuri, wakaupoteza, kisha wakajifunza kuutunza.

JIMBO LENYEWE

Saskatchewan ni kubwa kuliko Kenya. Eneo lake ni karibu kilometa za mraba 652,000, lakini hesabu ya mwaka wa 2021 ilipata watu 1,132,505 tu. Mji mkuu ni Regina, na mji mkubwa kupita yote ni Saskatoon. Jina la jimbo latoka katika lugha ya Wakree, wenyeji wa zamani, na maana yake ni mto uendao mbio. Mipaka yake yote ilichorwa na watu kwenye ramani. Hakuna mto wala mlima uliofanywa mpaka.

Upande wa kaskazini ni misitu na maziwa mengi sana. Kusini ni mbuga tambarare, na huko ndiko kwenye mashamba. Baridi yake si ya kuchezea: mjini Prince Albert, mwaka wa 1893, ilifika digrii 56 chini ya sifuri. Tena mwezi wa Julai 1937 joto lilifika digrii 45. Kwa kuwa ardhi huganda miezi mingi, mkulima hupata msimu mmoja tu kwa mwaka. Akikosa huo, hana mwingine.

EKA 160 KWA DOLA 10

Kwa sheria ya mwaka wa 1872, mtu aliyelipa dola 10 aliandikiwa eka 160. Masharti yalikuwa haya: akae pale, ajenge nyumba, alime sehemu ya shamba, akiyatimiza kwa miaka mitatu, alipewa hati yake. Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu. Wakree na makabila mengine walikuwa wakiishi humo kwa kuwinda nyati. Nyati walipomalizwa kwa bunduki, na mikataba ya miaka ya 1874 na 1876 ilipokwisha tiwa sahihi, wenyeji waliwekwa katika maeneo madogo, na mbuga ikagawiwa wageni.

Wageni wakaja wengi kutoka Ulaya na Marekani. Kwa kuwa miti ilikuwa haba, wengi walijenga nyumba kwa vipande vya udongo wenye nyasi na mizizi yake. Mwaka wa 1901 watu wa sehemu hiyo walikuwa 91,279. Mwaka wa 1931 walikuwa 921,785.

SHAURI JEMA LILILOZIDISHWA

Mwaka wa 1885 kulikuwa na vita katika sehemu hizo, na farasi wengi wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Karibu na Indian Head, mkulima aitwaye Angus Mackay alikuwa na ardhi iliyolimwa ikakaa bila kupandwa. Mwaka uliofuata ulikuwa wa ukame, lakini ardhi ile iliyopumzika ilizaa ngano nzuri, kwa sababu ilikuwa imeweka maji ya mwaka uliopita. Baadaye Mackay akawa mkuu wa shamba la majaribio la serikali, akawafundisha wenzake kupumzisha sehemu ya shamba kila mwaka na kuilima tena na tena ili magugu yafe.

Shauri hilo liliwasaidia wengi. Lakini udongo uliolimwa mara nyingi bila mmea juu yake huwa laini kama unga. Ulipokuja ukame wa miaka ya 1930, upepo ukaubeba. Mchana ukawa giza kwa vumbi, na mchanga ukafunika nyua za mashamba. Mwaka wa 1937 eka moja ya ngano, kwa wastani, haikujaza gunia la kilo 90. Maelfu ya jamaa walifunga mizigo wakahama, wakiacha nyumba wazi.

WALIVYOPONYA ARDHI

Mwaka wa 1935 serikali ya Kanada iliunda idara ya kuokoa mashamba hayo. Wakulima walichimba mabwawa ya kuweka maji, wakapanda safu za miti kukata upepo. Waligawa mashamba kwa vipande vyembamba, kimoja chenye mazao na kingine kilichopumzika, ili upepo usipate nafasi ya kukimbia. Ardhi mbaya kabisa ilipandwa nyasi, ikawa malisho ya pamoja.

Baadaye wengi waliacha hata kulima kwa plau. Siku hizi huacha mabua shambani baada ya kuvuna, na mashine hupanda mbegu katikati ya mabua hayo. Tena ardhi iliyokuwa ikilala uchi sasa hupandwa adesi, jamii moja na maharagwe, nayo huongeza rutuba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan ulianza miaka ya 1970, na sasa adesi za jimbo hilo huuzwa mpaka Bara Hindi.

Lakini si wote waliobaki kufaidi. Mwaka wa 1936 mashamba yalikuwa zaidi ya 140,000. Mwaka wa 2021 yalikuwa 34,128, na shamba la wastani lilikuwa la eka 1,766. Ukame na mashine vimewaondoa wengi.

NA WEWE JE?

Wewe huna eka 1,766 wala huna mbuga nyingine ya kuhamia. Kwa hiyo, mvua ikinyesha, toka ukatazame maji yatokayo shambani mwako. Yakiwa mekundu, huo ni udongo wako unaokwenda zako. Acha mabua shambani, panda miti mpakani, usiiache ardhi wazi. Na shauri lililokufaa mwaka jana, lipime tena mwaka huu pamoja na Bwana Shamba wako. Watu wa Saskatchewan walichelewa kulipima lao.