Mke wa Mikumi na Mama Mkwe wa Ng'ambo

Wilaya ya Kilosa imezoea wageni tangu zamani. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi ikafika Kigoma mwaka 1914, ilipita hapa ikifuata bonde la Mto Mkondoa, na nyuma yake wakaja Wagiriki na Wahindi wa mashamba ya mkonge ya Kimamba, wakaja na manamba kutoka nchi za mbali, ambao wengi wao hawakurudi tena makwao bali walioa, wakazaa na kuzikwa hapa hapa. Upande wa kusini, Mikumi nayo ilipata mlango wake wa kupokelea walimwengu mwaka 1964, ilipotangazwa hifadhi ya taifa. Hifadhi hiyo, yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, inakatwa na barabara kuu iendayo Zambia, na katika mji uliokua ubavuni mwake hulala watalii, watafiti wa wanyama, madaktari na walimu wa kujitolea, kila mmoja na lugha yake. Si ajabu basi, watu wanapokutana hivyo mwaka baada ya mwaka, kwamba baadhi yao hupendana, na baada ya kupendana wakaposana, na baada ya kuposana wakaoana kwa ndoa zilizo halali mbele ya Mungu na mbele ya serikali.

Nasema halali kwa kukusudia, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuacha jambo hili liende kiholela. Wachumba hutoa taarifa siku 21 kabla, ili mwenye kipingamizi apate nafasi ya kukileta. Ndoa yenyewe hufungwa kwa walii na mashahidi, au kanisani, au bomani mbele ya msajili. Na mwisho wake hutolewa shahada iliyoandikwa katika daftari la dola. Fauka ya hayo uko usajili usioandikwa, ambao kwa watu wa Kilosa ndio mzito zaidi: wajomba wameketi, mahari imepokelewa, majirani wamekula wali, na mtaa mzima unajua kwa yakini ya kuwa fulani ni mke wa fulani. Mgeni aliyepita katika hatua zote hizo si mgeni tena. Wazee humwita mkwe na vijana humwita shemeji.

Natuwachukue wawili wa namna hiyo, wasio watu maalumu bali mfano wa wengi. Mke ni binti wa Kisagara, mwalimu wa shule ya msingi pale Mikumi. Mume ni Mjerumani wa Hamburg. Maskani yao ni Mikumi, na hawana nia ya kuhama. Lakini mama wa mume ni mzee, safari ya ndege hawezi tena, na angali hajamtia machoni mke wa mwanawe. Wiki tatu za likizo ya Desemba zingetosha: kwenda, kumsalimu mama, kula naye sikukuu, kurudi darasani Januari. Hilo ndilo ombi lote linalosafirishwa karibu kilomita 300 kutoka Mikumi hadi jumba la Umoja House, katikati ya Dar es Salaam, uliko ubalozi wa Ujerumani.

Masharti ya viza fupi ya nchi za Schengen yanajulikana, na mengi yake yanatimizika. Inatakiwa pasi yenye kurasa mbili tupu na uhai usiopungua miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi. Bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Ada, ambayo kwa waombaji wazima wa kawaida ni yuro 90 tangu Juni 2024. Barua ya mwajiri. Taarifa za benki. Na aghalabu hati ambayo mwenyeji huitia saini katika ofisi ya wageni ya mji wake, akijifunga kulipa gharama zote za mgeni wake. Haya yote ni kazi ya kukusanya, na mwalimu mwenye subira huyakusanya. Sharti lililo gumu halina karatasi yake: afisa anayeshika faili lazima aridhike kwamba mwombaji ataondoka Ulaya kabla viza yake haijakwisha. Asiporidhika, huweka alama katika fomu ya kukataa, mbele ya sababu iliyochapwa tayari, isemayo kwamba kuna shaka ya msingi juu ya nia ya mwombaji kuondoka.

Hapo ndipo ndoa inapogeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya wenyewe walioifunga. Shahada ya ndoa humpa mwalimu huyu sababu iliyo bora kuliko zote ya kusafiri, kwani nani mwenye haki zaidi ya kumtembelea mama mkwe kuliko mkewe mwana? Lakini shahada hiyo hiyo, ikisomwa na mwenye wasiwasi, humwambia kwamba mwanamke huyu ana mume mwenye uraia wa Ujerumani, na kwamba mwenye mume wa huko ana sababu ya kubaki huko. Asiye na jamaa yeyote ng'ambo huulizwa anakwenda kufanya nini. Mwenye mume huulizwa kwa nini atarudi. Wapo wanaoshauriwa na marafiki waifiche ndoa, wajiandike watalii wa kawaida. Ushauri huo ni wa hatari, na asiufuate mtu: uwongo katika ombi la viza ni sababu tosha ya kukataliwa, na alama yake hubaki katika kumbukumbu za mataifa kwa miaka mingi. Wengine huambiwa waombe viza ya kuungana na familia, ambayo tangu 2007 humtaka mke athibitishe kwanza kwamba anajua Kijerumani cha mwanzo. Ni njia njema kwa anayehamia. Mwalimu wa Mikumi hahamii.

Taifa lenyewe linalomtilia shaka liliandika katika Katiba yake ya mwaka 1949, ibara ya 6, kwamba ndoa na familia viko chini ya hifadhi maalumu ya dola. Sidhani kwamba waandishi wa ibara ile, waliokuwa wametoka katika vita vilivyozitawanya familia zao, walikusudia hifadhi hiyo imfae mke akija kuishi tu, imkose akija kusalimu. Na aliyekataliwa sasa njia zake zimepungua. Zamani aliweza kuuandikia ubalozi ili uitazame tena hukumu yake. Njia hiyo Ujerumani iliifuta duniani kote tarehe 1 Julai 2025, na kilichobaki ni kuomba upya, au kufungua shauri katika mahakama ya utawala ya Berlin, jambo ambalo kwa mshahara wa mwalimu ni sawa na kuambiwa anyamaze.

Kinachotafutwa na afisa yule ni mizizi, na katika kutafuta mizizi namwona amekuja mahali pake hasa, kwani ni watu wachache walioshikwa na ardhi yao kama watu wa bonde la Mkondoa na milima ya Usagara. Binti wa Kisagara ana shamba la mpunga la ukoo, alilopewa na upande wa mama yake. Ana wajomba ambao bila yeye kikao cha ukoo hakikamiliki. Ana makaburi ya mabibi ambayo zamu ya kuyasafisha ni yake. Ana mama mzazi anayemtegemea, na wadogo anaowalipia shule. Ana mchezo wa upatu pamoja na walimu wenzake, na deni la heshima kwa kila harusi aliyochangiwa. Mtu wa namna hii haachi vyote hivyo kwa sababu ya majira ya baridi ya Hamburg. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho na mhuri, na macho ya ubalozi husoma mihuri.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya mwombaji ni kuyatia maisha yake katika maandishi, na kazi hiyo inawezekana zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanakijiji haki ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, itolewayo kupitia halmashauri ya kijiji. Shamba la Zombo au la Kisanga lililokuwa likijulikana kwa mti wa mpaka tu linaweza kuwa na hati yenye jina la mwenyewe. Mtumishi wa umma hana budi kupata kibali cha kusafiri nje, na barua ya mkurugenzi wa halmashauri inayotaja tarehe ya kurejea kazini ina uzito mkubwa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki nyumbani, barua ya shule yao, mkataba wa pango au hati ya kiwanja cha Mikumi, kumbukumbu za benki za miezi mingi wala si fedha iliyoingizwa ghafla wiki moja kabla: hivi ndivyo mizizi inavyoandikwa. Fauka ya hivi nashauri barua ya mume mwenyewe, iseme wazi kwamba makazi ya ndoa yao ni Tanzania, iambatane na hati yake ya ukaazi nchini, kwa sababu mume anayeishi Mikumi ndiye hoja kubwa kuliko zote za mke kurudi Mikumi. Kanuni za Schengen zinaruhusu ombi kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Anayeanza Juni kwa ajili ya Desemba hakuharakisha.

Liko jambo jingine ambalo ndoa nyingi za namna hii hazilijui. Kwa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2004, Namba 38, mke wa raia wa nchi mwanachama, anapofuatana na mumewe kwenda nchi mwanachama isiyo ya mumewe, hupewa viza bila ada na kwa haraka, na huwa hatakiwi kuonyesha fedha wala mizizi; hutakiwa pasi, shahada ya ndoa, na uthibitisho kwamba anasafiri na mumewe au anamfuata. Maana yake ni kwamba mwalimu wetu anaweza kupelekwa na mumewe kutembea Paris kwa wepesi ambao hataupata kwenda kumwona mama mkwe Hamburg. Sheria iliyomwamini Paris ingeweza kumwamini Hamburg bila madhara kwa yeyote.

Kwingineko hali si nyepesi zaidi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 humdhania karibu kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mhamiaji mpaka yeye mwenyewe aiondoe dhana hiyo; na Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo waombaji wake wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Oman, ambako ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili wana jamaa wa damu, ilikuwa ikimtaka raia wake aombe idhini ya serikali kabla ya kuoa au kuolewa na mgeni, hadi amri ya Sultani Haitham ya Aprili 2023 ilipouondoa ulazima huo. Naitaja Oman kwa furaha, kwa kuwa imeonyesha kwamba dola inaweza kuwaamini watu wake katika jambo la nyumba zao.

Lakini insafu yatutaka tuutazame na mlango wetu wenyewe. Mume wa kigeni anayekuja Mikumi kumwona mkewe huomba viza katika mtandao wa Idara ya Uhamiaji, ulioanza kazi mwaka 2018, hulipa dola 50, au 100 akiwa Mmarekani, na hupewa hadi siku 90, sawasawa na yule anayekuja kuwatazama simba na kuondoka. Kuingia si shida. Shida ni kukaa. Akitaka kuishi na mkewe lazima atafute hati ya kuishi kama mtegemezi wake. Akitaka kufanya kazi lazima awe na kibali chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015. Na ardhi hawezi kuimiliki isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Haya naweza kuyaelewa, maana nchi ina haki ya kulinda kazi na ardhi ya wananchi wake.

Nisiloweza kulielewa ni kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Kifungu hicho kinampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakutajwa. Yeye hufuata njia ya mgeni yeyote, ya miaka mingi ya ukaazi, kana kwamba ndoa ya binti yetu ina thamani ndogo kuliko ndoa ya mwana wetu. Dhulma hiyo ingekuwa nzito popote nchini, ila katika wilaya hii ni nzito maradufu, kwa kuwa Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru huhesabu nasaba kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye. Mjomba ndiye mwenye kauli. Na desturi ya kale ilimjua mkwe aliyekuja kukaa upande wa mkewe, akalima pamoja na wakwe zake, akahesabiwa mtu wa hapo. Wazee wa Kilosa walikuwa na njia ya kumpokea mume anayemfuata mkewe, karne nyingi kabla ya kuwako Idara ya Uhamiaji. Sheria ya mwaka 1995 haikuwauliza.

Wala hatuwezi kusimama Umoja House tukidai binti yetu aaminiwe kwa sababu ya ndoa yake, ilhali katika daftari letu mumewe hafaidiki na ndoa hiyo hiyo. Kilosa na Mikumi ni majimbo mawili, kila moja na mbunge wake, na treni ya umeme iendayo Dodoma, liliko Bunge, inapita katika mahandaki ya milima yao wenyewe. Muswada wa kumpa mume haki aliyo nayo mke katika kifungu cha 11 hauzidi ukurasa mmoja, na wabunge hawa wawili ndio wanaostahili kuupeleka.