Agizo la Daktari, Dakika za Muuguzi

Nchini Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari hufanya kazi za uuguzi hospitalini kwa miezi 3 kabla ya kufanya sehemu ya kwanza ya mtihani wa taifa. Huogesha wagonjwa, hutandika vitanda, hupima joto na mapigo. Wengi husema lengo ni kumfundisha unyenyekevu, somo ambalo kwa kawaida halivuki mahafali. Sababu nzito zaidi ni hii: uuguzi ndio unaozalisha namba anazotegemea daktari, na ndio unaotekeleza maagizo yake.

Tuanze na namba. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mgonjwa anapoanza kuzidiwa, kasi hiyo mara nyingi hupanda kabla presha haijashuka. Lakini kuihesabu sawasawa kunataka dakika nzima ya kumtazama mgonjwa kifuani, naye asijue kwamba anahesabiwa. Ndiyo maana zipo chati ambamo wodi nzima inapumua mara 20. Presha nayo ina mitego yake: mkanda mwembamba kwenye mkono mnene hutoa kipimo cha juu kuliko hali halisi. Aliyewahi kupima mwenyewe hujua namba ya kuamini na ya kurudia.

Yaje maagizo. Kuandika "dripu lita 1 kwa saa 8" ni kazi ya sekunde chache. Kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone kama 42 kwa dakika. Pasipo pampu, muuguzi huyahesabu kwa saa ya mkononi, kisha hurudi kuyahesabu tena, maana mgonjwa akikunja kiwiko mwendo hubadilika. Au chukua wodi ya wagonjwa 40 na wauguzi 2, vipimo kila saa 4, dakika 5 kwa mgonjwa: kila muuguzi anamaliza dakika 100 kati ya 240 kabla hajagusa dawa, vidonda wala ndugu wenye maswali.

Linabaki suala la wakati na mwalimu. Utaratibu wa Ujerumani huja mapema, mwanafunzi akiwa bado hajasoma magonjwa kwa kina. Kumgeuza mgonjwa kitandani ni kibarua tu kwa asiyejua kwamba ngozi iliyogandamizwa muda mrefu hukosa damu na kuoza. Mafunzo haya yangefaa zaidi kurudiwa katika miaka ya wodini, chini ya muuguzi mwenye mamlaka ya kumfelisha mwanafunzi. Bila mamlaka hayo, mwanafunzi atakimbilia raundi ya profesa, ambako akisimama nyuma hujifunza hasa migongo ya wenzake.

Wiki chache za uuguzi hazimfanyi daktari kuwa muuguzi. Zinatosha kumfanya, kabla ya kuandika "kila saa 4", aulize zamu ina watu wangapi.