Mchakamchaka: mchezo unaofanya mazoezi yapendwe

GITAZA, Burundi – Barabara ya Taifa Namba 3, itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, hupita Gitaza ikiwa imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kwa mji mdogo kama huu, mazoezi yasiyohitaji ukumbi wala simu ya kisasa yana maana kubwa.

Burundi, nchi ya Vénuste Niyongabo, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 1996, imezoea mbio za vikundi zenye nyimbo. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, miguu ikifuata mdundo. Huo ni mchezo tosha, ingawa hauna pointi wala zawadi.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanaeleza kuwa hamu ya kudumu hutoka ndani: mtu ajione anaweza, awe na wenzake, na awe amechagua mwenyewe. Anayekimbilia zawadi tu, zawadi ikikoma naye husimama.

Uhuru huo si jambo dogo. Mwaka 2014, baada ya vurugu kati ya polisi na wafuasi wa upinzani, mbio za vikundi mjini Bujumbura ziliwekewa masharti makali.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatosha, na wimbo haununuliwi dukani.