Mgonjwa Asiyechoka Kusikilizwa

Mwaka 1968, Dk. Michael Gordon wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, aliwaonyesha madaktari wenzake mgonjwa wa ajabu. Mishipa ya shingoni inampiga, na ukimwekea stetoskopu kifuani unasikia vali mbovu ikivuma. Lakini ni sanamu tu. Gordon aliiita Harvey, kumuenzi mwalimu wake, W. Proctor Harvey, bingwa wa kusikiliza moyo.

Kabla ya hapo, ujuzi huu ulitegemea bahati. Wiki ambayo wodini hakuna mwenye vali iliyobana, mwanafunzi haisikii. Akipatikana mmoja, wanafunzi wanapanga foleni kumgandamiza kifua, naye mwenyewe anahema kwa shida.

Na sauti zenyewe si rahisi. Mlio wa kwanza hutokea vali zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini zinapojifunga. Wa pili, zinapojifunga zile za kwenye mishipa mikubwa inayotoa damu moyoni. Mvumo ukiwa kati ya mlio wa kwanza na wa pili una maana yake. Ukija baada ya wa pili, ni ugonjwa mwingine kabisa. Moyo ukienda mbio, utajuaje upi ni upi? Mwanafunzi hufundishwa kushika mshipa wa shingoni huku akisikiliza: mlio unaotangulia pigo la mshipa huo ndio wa kwanza. Kwa Harvey anaweza kufanya hivyo hivyo, maana shingo na kifua vinakwenda pamoja. Mwalimu akibadilisha ugonjwa, darasa linalinganisha moyo mzima na mbovu papo hapo.

Vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, ikibana, ndiyo inayowatesa wanafunzi wengi. Mvumo wake ni mzito na wa chini. Mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto, na upande wa stetoskopu wenye umbo la kengele huwekwa kwa wepesi. Ukiukandamiza, sauti inapotea.

Sikio hunolewa kwa kurudia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba madaktari waliokuwa bado mafunzoni walitambua wastani wa sauti 20 tu kati ya kila 100 za moyo. Baadaye Dk. Michael Barrett wa Chuo Kikuu cha Temple aliwasikilizisha wanafunzi kila mvumo mara 500, wakaimarika sana. Hawakuhitaji sanamu ya bei mbaya, rekodi zilitosha. Habari njema kwa vyuo visivyo na fedha.

Hata hivyo, sanamu hailii kama mtoto, wala haina feni inayonguruma juu yake. Wodini bado lazima kwendwe.

Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake, kwani homa ya rumatiki, inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, bado inaharibu vali za watoto. Sikio peke yake halitoshi: mwaka 2007, uchunguzi wa wanafunzi wa shule Msumbiji na Kambodia ulionyesha kuwa mashine ya mawimbi ya sauti iligundua wagonjwa takriban mara kumi zaidi ya stetoskopu. Ila mashine hiyo kwa kawaida iko hospitali kubwa, na anayeamua nani apelekwe huko mara nyingi ni mhudumu wa zahanati mwenye stetoskopu shingoni.