Mboga Moja, Majina Mengi: Jikoni mwa Busia na Malaba

Wahenga walinena: mwacha mila ni mtumwa. Na mila ya kwanza aionjayo mwanadamu, kabla hata hajajua kusema, ni ile ya chungu cha mamake. Leo, enyi wasomaji wetu wa pwani, na tuelekee magharibi hadi Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, tuone jinsi chakula na maneno yanavyorithishwa pamoja.

Wenyeji wa huko ni Wateso, ambao ni Waniloti, pamoja na Wakhayo na Wasamia, ambao ni Waluhya wenye lugha za Kibantu kama yetu. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Hivyo Wateso na Wasamia wakajikuta wako pande mbili za mpaka. Hata hivyo mapishi hayakugawanyika. Huku na huko Mteso husonga atap, yaani sima ya wimbi, ambayo mara nyingi huchanganywa na unga wa muhogo. Jirani yake Mluhya sima huiita obusuma.

Wimbi hilo hilo hutengenezwa pombe iitwayo ajono, inywewayo kwa mirija mirefu. Kwa Mwislamu hiyo ni haramu, lakini sima na uji wa wimbi ni riziki ya wote.

Ama mboga, mpwani hatakuwa mgeni. Mnavu wetu Waluhya wengi huuita lisutsa, na Wajaluo huuita osuga. Mlenda kwa Waluhya ni murere. Majani ya kunde Mluhya huyaita likhubi na Mteso eboo. Murere hupikwa kwa musherekha, yaani maji yaliyochujwa katika jivu la mabua au maganda ya maharagwe, yenye kulainisha mboga kama magadi. Neno hilo musherekha limebeba kazi nzima: kuchoma, kuchuja na kupima kwa ulimi. Mtoto asiyemwona nyanyake akichuja jivu, atalijulia wapi?

Maneno nayo husafiri. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilifika hadi kwa Nabongo Mumia, si mbali na Busia. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika, nao uliletwa Afrika na Wareno. Lakini sikiliza jina lake bara: Waganda husema muwogo, na Wateso emwogo. Mchele nao Waganda huuita omuceere. Naam, chakula kilipopokewa, jina la Kiswahili lilipokewa nacho.

Lakini kama vile jina huja na chakula, ndivyo linavyoweza kuondoka nacho. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato kali ya muhogo ulitoka Uganda ukaingia magharibi ya Kenya. Mashamba yaliharibika, na wakulima wengi wakaziacha mbegu za kienyeji. Watafiti walileta mbegu zenye kustahimili ugonjwa, nazo ziliokoa watu na njaa. Nyingi katika hizo zilijulikana kwa herufi na nambari. Mbegu ya zamani isipopandwa tena, jina ambalo bibi alilipa hubaki bila kitu cha kukiita.

Tangu 2007 Kenya imekuwa ikishughulikia kuhifadhi vyakula vya asili, na mimea kiasi cha 850 imeorodheshwa pamoja na majina yake ya kienyeji. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema. Hata hivyo, orodha haipiki. Basi, mzazi wa Busia na mzazi wa Lamu, mwite mwanao jikoni, mke kwa mume, umtajie kila jani kwa jina lake kabla halijaingia chunguni. Akilila akilijua, naye atakuja kuwatajia wanawe.